Fanani Aliyegeuzwa Kioja

Wakusanyaji wa filamu wa Ulaya na Marekani huienzi Who Killed Captain Alex? (2010), ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, kwa kuwa ati "ubaya" wake unachekesha. Huo ni uhakiki wa kivivu. Sauti ya VJ Emmie, inayotania na kuchochea juu ya picha, kwao ni kioja tu. Mwanafunzi wetu yeyote wa fasihi simulizi angemtambua mara moja: ni fanani, mrithi wa vibanda vya video ambamo filamu za kigeni husimuliwa kwa Kiganda. Aiwekaye kabatini bila kuuliza VJ anaisemea hadhira ipi, amehifadhi picha tupu. Nasi wahakiki, tuliongojea wageni watuonyeshe filamu ya jirani, tuna udhuru gani?