Pasipoti ya Mtoto wa Ng'ambo

Mama wa Lipingo akijifungulia Nkhata Bay, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa mume Mmalawi, mwanawe anastahili pasipoti ya Tanzania. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa mama haki ya kurithisha uraia ambayo awali, kwa watoto waliozaliwa nje, ilikuwa ya baba peke yake. Lakini ikiwa mama huyo naye alizaliwa ng'ambo, basi yeye ni raia wa kurithi, na raia wa kurithi hawezi kumrithisha mwanawe aliyezaliwa nje. Kwa watu ambao ziwa ndilo barabara yao, naona huku ni kuwaadhibu wajukuu kwa safari za bibi zao. Bunge lirekebishe kifungu cha 6. Angalau mtoto anayelelewa na kusoma Lipingo asihesabiwe mgeni.