Kura ya darasani isiwe mtego kwa mtoto

Wazazi wenzangu, mtoto akiwa kimya darasani tunaambiwa ana haya. Mimi niliyefundisha sekondari ya misheni mpaka nikastaafu nasema tuulize kwanza: je, zamu amepewa?

Madarasa mengi mwendo ni ule ule. Mwalimu anauliza, mikono inanyooka, anachagua mmoja. Kila siku ni wale wale watano, sita. Mtoto wetu anayezungumza Kiswahili nyumbani, Maskati au Dubai, na kusomeshwa kwa Kiarabu au Kiingereza, jawabu huenda analo kichwani. Lakini mpaka alitafutie maneno, mwenzake ameshajibu. Basi mkono haunyanyui tena. Mwaka ukiisha, mwenye lugha ameongezewa lugha, na asiyekuwa nayo yupo pale pale.

Ndiyo maana naunga mkono kura. Uingereza, mtaalamu wa elimu Dylan Wiliam ameieneza sana njia ya vijiti vya aiskrimu: kila mtoto jina lake kwenye kijiti, vijiti ndani ya kopo, mwalimu anachomoa. Hapo hakuna kipenzi, hakuna mtoto wa fulani, hakuna wa kujificha nyuma.

Lakini kura nayo ina hesabu zake. Darasa la watoto 30, kijiti kikirudishwa kila mara, baada ya maswali 30 watoto kama 11 kwa wastani watakuwa hawajaitwa hata mara moja, na wengine wameitwa mara mbili, tatu. Kisiporudishwa, aliyekwisha kujibu anajua kamaliza, anasinzia zake. Tiba yake ni makopo mawili. Aliyejibu ahamie kopo la pili, na mwalimu mara moja moja achomoe humo bila kutangaza. Zamu zitaenea, na hakuna atakayelala.

Kisha, swali litangulie jina. Ukiita "Salma!" ndipo uulize, wale 29 waliobaki wameshapumzika. Uliza, nyamaza, halafu chomoa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliandika juu ya ukimya huo katika miaka ya 1970. Alikuta walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto wengi zaidi wakashiriki. Kwa mtoto anayetafsiri kichwani, sekunde hizo ndizo haki yenyewe.

Na aliyechomolewa asiaibishwe. Akikwama, aachiwe ashauriane na jirani yake, kisha swali lirudi kwake. Wapo wanaosema kura inawatisha wenye haya. Kweli, inatisha pale ambapo anayekosea anachekwa. Mwalimu akomeshe kicheko, kura aiache.

Wazazi, mkienda kikao cha skuli msiulize alama peke yake. Muulizeni mwalimu kwa adabu: wiki hii mwanangu ameitwa mara ngapi, na alipewa muda wa kufikiri? Mwalimu mwenye makopo yake mawili mezani hatopata tabu kuwajibu.