GHALA LIMEJAA, MTOTO KADUMAA

Vijiweni neno "kwashakoo" ni utani. Mtu akiwa na kitambi na miguu myembamba anapachikwa jina hilo, watu wanacheka. Leo tunaomba vijana mkae kimya kidogo, msikie neno hilo lilikotoka. Ndani yake kuna kesi inayowahusu wakubwa wa nchi hii.

Neno ni la Waga, watu wa Accra na pwani yake. Aliyelifikisha kwa madaktari wa dunia ni Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyeingia utumishi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza mwaka 1929 akapelekwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Huko alikuta watoto wadogo wamevimba miguu na mikono, ngozi inabanduka, nywele zimebadilika rangi. Wengi walikufa.

Dk. Williams hakukaa ofisini kulaumu akina mama. Aliwauliza. Wakamwambia kuwa hayo ni maradhi ya mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa. Yaani kaachishwa ziwa, kabakiziwa uji mtupu wa mahindi.

Mwaka 1933 akaandika kwamba huenda wanapungukiwa protini. Bingwa mmoja wa Uingereza, Dk. Hugh Stannus, akampinga, akidai ni pelagra tu, ugonjwa uliokwisha julikana. Mama hakunywea. Mwaka 1935 akaandika tena, safari hii akiuita ugonjwa kwa jina lilelile la Waga. Na mwaka 1939, akiwa Singapore, alisimama mbele ya matajiri wa mji akawaambia kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha na kununua maziwa ya kopo ni mauaji.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu chanzo chote cha kwashakoo. Lakini fundisho moja limesimama: mtoto anaweza kushiba, na bado akawa na njaa.

Sasa tuje kwetu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu si kwashakoo. Hauvimbishi mtu, hauonekani haraka. Mtoto anakuwa mfupi kuliko umri wake, na mara nyingi hata akili inachelewa. Na mikoa iliyoongoza ni ipi? Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Njombe, nusu. Rukwa, karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayosifiwa majukwaani kuwa ghala la taifa!

Eti akina mama hawana elimu. Jamani! Mama anatoka alfajiri kwenda shamba, anarudi jioni. Mtoto anashinda na uji wa asubuhi. Mayai na maharage yanakwenda sokoni ili ipatikane pesa ya mbolea. Maji si salama, kuhara hakuishi. Udumavu huanzia tumboni mwa mama asiyepumzika wala kula vizuri, na mtoto akishapita miaka miwili, kuurekebisha ni kazi ngumu. Semina ya lishe yenye posho kwa maofisa haimpunguzii mama huyo hata mzigo mmoja wa kuni.

Msituambie haiwezekani. Iringa hiyohiyo, kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 viliingia katika mpango uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, na utapiamlo mkali ukashuka. Siri ilikuwa ileile ya Dk. Williams: waulize wenye watoto.

Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe. Halmashauri zikaagizwa kutenga Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Elfu moja! Hainunui hata kilo moja ya maharage. Na hata hiyo, kutengwa kwenye makaratasi ni jambo moja, kutoka ni jambo jingine.

Tunasema hivi: kiongozi asipimwe kwa magunia yaliyoingia ghalani. Apimwe kwa urefu wa watoto wa mkoa wake, na takwimu zibandikwe ukutani kila kijiji na kila mtaa.

Nanyi vijana msidhani hii ni habari ya akina mama na kliniki. Ninyi ndio baba wa watoto hao. Pesa ya bia mbili inanunua mayai ya wiki nzima. Mkeo akiwa mjamzito, beba wewe ndoo ya maji. Kisha nenda kwa diwani wako ukamuulize: ile elfu moja ya mwanangu ilitoka? Na kama ilitoka, imekwenda wapi?