Tairi Kubwa Lataka Nafasi

Wako wenye pikapu watakao matairi makubwa ili washinde matope. Vema, lakini pimeni kwanza. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. La 285/70R17 lina 831. Basi nafasi kuzunguka tairi yapungua milimita 27. Kuinua springi peke yake hakutoshi: usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi la mbele laweza kusugua madigadi. Pakieni mzigo, mkate kulia, mkate kushoto, mkaangalie. Tairi lililoliwa ubavuni laweza kupasuka njiani, na nyuma wamepanda watoto. Tena kipimamwendo kikionyesha 80, gari lakimbia karibu 86. Heri tairi dogo lizungukalo bila kugusa kitu.