Kabla ya kuposti nyumba yako, ikate katikati

Wasee, leo sina picha kali ya kuwaonyesha. Nina aibu ya matofali 800.

Mwaka jana baba mdogo aliniomba nichore nyumba ya kukhu, hapa kwetu Khwisero. Vyumba vitatu, sebule, veranda, mabati juu. Anajua niliacha chuo, lakini pia anajua mimi ndiye yule wa nyumba za kompyuta, kwa hivyo akaniamini. Nikakaa nayo siku nne. Nikaweka nyasi, mti wa parachichi, na gari ambalo hakuna mtu kwetu analo. Nikaposti. Mkanipatia laiki mpaka simu ikashika moto.

Shida ni kwamba baba mdogo hakutaka laiki. Alitaka hesabu. Nikatoa jedwali la kuta kwa programu, nikamtumia, naye akanunua matofali ya kuchoma kulingana na hiyo namba. Fundi akajenga, akapita linta, halafu matofali yakaisha. Zile pembetatu mbili za ukuta, moja kila upande wa nyumba, zinazofunga nafasi chini ya mabati, hazikuwa kwa hesabu yangu.

Piga hesabu na mimi. Nyumba ina upana wa mita 8, na paa linapanda mita 2. Pembetatu moja ni mita 8 za mraba, mbili ni 16. Weka matofali 50 kwa kila mita ya mraba. Hayo ndiyo 800.

Na niseme ukweli wote: huo mwanya niliuona. Kuta zangu zilikuwa zimeishia chini kabla ya paa. Badala ya kuziunganisha, nilichora kipande chembamba cheupe nikaziba, ndio picha itoke fiti. Kompyuta haikukihesabu kama ukuta kwa sababu hakikuwa ukuta.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake ni sekunde kumi. Ukichora ukuta kwa Revit, mara nyingi unaupa tu urefu, na kwa sifa zake panaandikwa kwamba juu haujaunganishwa na kitu. Programu yenyewe inakuambia! Unachagua kuta, unabonyeza kitufe cha kuziunganisha juu au chini, unagusa paa, basi. Ukuta unapanda wenyewe hadi chini ya paa, pembetatu na kila kitu. Kesho ukibadilisha mwinuko wa paa, ukuta unafuata. Na kama uko kama mimi, uliacha chuo na leseni ya bure ya wanafunzi ikakuacha, Bonsai inayokaa ndani ya Blender ni ya bure, na pia inaweza kupandisha ukuta hadi kwa paa.

Sakafu nayo ina mtego wake. Ukichora slebu ya juu, Revit inaweza kukuuliza kama unataka kuta zinazofika hapo zishikane na upande wake wa chini. Wengi wetu tunabonyeza tu bila kusoma, vile tunakubali masharti ya app. Lakini hilo ni swali la ujenzi kabisa: slebu inakaa juu ya ukuta, ama ukuta unapita kando yake? Ukikosea, ukuta na slebu vinakaa mahali pamoja, na unanunua vitu viwili vya nafasi moja.

Najua kuna mtu atakomenti kwamba fundi mzuri angegundua. Aligundua! Alimwambia baba mdogo mapema kwamba matofali hayatatosha. Baba mdogo akamjibu, "Kompyuta imesema yanatosha." Mzee amejenga tangu kabla sijazaliwa, na akanyamazishwa na picha yangu. Hapo ndipo niliacha kuchukulia hii kazi kama kontenti. Namba ikitoka kwa skrini, watu wetu wanaiheshimu kuliko mtu aliyeshika mwiko.

Mabati yaliwekwa na pembetatu zikiwa wazi, kwa sababu pesa ilikuwa imeisha. Mvua ndefu ikaja. Mnaojua Kakamega mnajua mvua yetu ya alasiri, ile ya radi na upepo. Upepo ukiingia chini ya paa unalisukuma kutoka ndani, na ule wa juu unalivuta. Hivyo ndivyo mabati huenda kulala kwa shamba la jirani. Letu lilishikilia, kwa sababu fundi alikuwa amefunga mbao za paa kwa ukuta na vyuma vyake. Lakini kukhu alikaa miezi mingine miwili kwa nyumba ya zamani, akiangalia mpya kwa dirisha.

Na hapo kuna somo lingine. Kile kitufe hakishikilii paa. Kinapanga tu umbo na hesabu. Kinachoshikilia ni chuma, misumari na mkono wa fundi. Tarehe 23 Septemba 2019, pale Ngando jijini Nairobi, sakafu ya darasa la juu la shule ya Precious Talent iliangukia watoto waliokuwa chini, na wasiopungua 7 wakafa. Mahali ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine ndipo watu hufia. Hapo ndipo sisi hupaka rangi nyeupe tukaendelea.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: picha ya nje peke yake si kazi. Kabla ya kuposti, ikate nyumba katikati, utuonyeshe ukuta unakutana vipi na sakafu, na unakutana vipi na paa. Kama unaogopa kuikata, unajua kwa nini. Halafu mpelekee fundi kabla ya kutupelekea sisi.

Baba mdogo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, ile ilikuwa nyumba ama ilikuwa picha?"

Yangu nimeikata, iko hapo chini na makosa yake yote. Wewe yako iko wapi?