Dishi langu halishuki kwanza

BARUA YA MPAKANI
Na Editha Bukuru

Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo kutoka Mwanza, akalitazama dishi lililo juu ya bati langu hapa Kabanga, wilayani Ngara, akatikisa kichwa. "Shangazi, hili ling'oe. Mimi king'amuzi nilishakiuza. Kila kitu kiko mtandaoni sasa hivi."

Sikubishana naye. Jumapili ile Simba na Yanga walikuwa wanacheza, na kifurushi changu kilikuwa kimekata siku mbili nyuma, nikamwambia basi, tuoneshe.

Akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaiweka juu ya stuli, tukabanana watu sita. Ilianza vizuri, hata nyasi za uwanja zilionekana. Kisha picha ikaganda, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Iliporudi, mpira ulikuwa katikati ya uwanja, na papo hapo kelele zikapanda kutoka kibanda umiza cha kule chini, wanakotazama kwa dishi: goli! Sisi tulikuwa bado tunautazama ule mpira ukipasiwa nyuma kwa mabeki. Goli lenyewe tulikuja kuliona baadaye, tukiwa tumeshaambiwa na majirani. Kabla ya mapumziko, ujumbe ukaingia kwamba bando limeisha. Kijana akatoka nje kutafuta mtandao mzuri ili anunue jingine, akasogea mpaka kwenye migomba, simu yake ikamkaribisha Burundi.

Sisemi haya kumcheka. Kwake Mwanza intaneti ya waya imefika mpaka sebuleni. Analipa kwa mwezi, anatazama mpaka alale, hakuna anayemhesabia. Kwa mtu wa namna hiyo king'amuzi kweli ni mzigo. Huku kwetu, kuanzia Rulenge mpaka Nyakahura kule Biharamulo, wengi tunatazama video kwa bando, na bando linahesabiwa.

Tupige hesabu. Mwaka 2021, baada ya wananchi kulalamika sana kuhusu vifurushi, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitaja bei elekezi za intaneti ya bando kuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Video ya ubora wa kawaida hula karibu GB moja kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko ni GB mbili. Kwa bei ya chini kabisa hiyo ni zaidi kidogo ya shilingi 4,000 kwa mechi moja, kwa skrini yenye ukubwa wa kiganja. Kwa bei ya juu inakaribia 19,000. Kibanda umiza kiingilio ni mia tano. Na ukilipia kifurushi cha dishi, unatazama mwezi mzima, wewe na mama mkwe na watoto wa jirani, na wakiongezeka watano gharama haibadiliki. Ungo unachota mawimbi yaleyale, uwe Upanga, Dar es Salaam, au Rulenge. Milima yetu inauficha mnara wa simu, lakini setilaiti iko juu ya milima.

Nakubali kwamba ving'amuzi navyo vimetutesa. Tulipoanza kuhama kutoka analojia, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, tuliahidiwa kwamba chaneli za nyumbani tutazitazama bure. Mwaka 2018 chaneli hizohizo ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kampuni za kulipia, kwa hoja kwamba leseni zao haziruhusu kuzibeba. Hoja ilikuwa ya kisheria, lakini mtu asiyefikiwa na mawimbi ya antena alibaki na filamu za nje na hana taarifa ya habari ya nchi yake. Nayakumbuka vizuri malalamiko ya wakati ule. Mtu aliyepitia hayo akikwambia amechoka na king'amuzi, mwelewe.

Na mtandao una jambo ambalo televisheni haikuwahi kutupa. Binti wa jirani yangu alipoolewa, vijana walirekodi ngoma kwa simu wakaipandisha YouTube. Bibi yake, ambaye miguu haikumruhusu kwenda ukumbini, aliitazama jioni ile kitandani, akawa anawataja wachezaji mmoja mmoja kwa majina ya babu zao. Katika miaka yote niliyotazama televisheni sijawahi kuisikia ikisema Kihangaza, lugha yetu. Kwa hiyo nautaka mtandao. Nautaka sana. Ninachokataa ni kuambiwa nishushe dishi wakati kilichokuja badala yake ni bando.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na shirika la simu la TTCL, unafika Rusumo na unafika hapa Kabanga. Rwanda na Burundi hazina bahari. Kwa njia hii zinaungana na nyaya za baharini zilizotua Dar es Salaam, ya Seacom mwaka 2009 na ya EASSy mwaka uliofuata. Nafurahi kwamba majirani zetu wanapita kwetu. Lakini mimi ninayekaa kwenye kizingiti, pamoja na majirani zangu wote ninaowajua, bado tunanunua intaneti kwa MB.

Kwenye umeme hatukukubali hivyo. Mtambo wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, umegawanywa kwa nchi zetu tatu sawasawa, na njia kubwa ikavutwa mpaka Nyakanazi. Sisi tuliozoea majenereta ya dizeli Ngara na Biharamulo tunajua maana yake. Mawasiliano tumeyaachia minara. Ni kweli Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya minara 758 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kijiji kisicho na mtandao kabisa kinahitaji mnara leo, si kesho. Lakini mnara unakuja na bando lilelile.

Madiwani wetu wa Ngara na Biharamulo, nawaomba mliulize hili kwenye baraza lijalo, na jibu liandikwe kwenye muhtasari: waya utashushwa lini kutoka kwenye mkongo mpaka Kabanga mjini, Benaco, Rulenge, Nyakahura na Nyakanazi, na bei ya mwezi isiyohesabu MB itakuwa shilingi ngapi? Anzeni na sekondari, zahanati na hata vibanda umiza, maana hapo mtu mmoja akilipa wanatazama hamsini.

Kijana amesharudi Mwanza. Kifurushi nimelipia juzi. Siku fundi wa faiba atakapogonga mlango wangu, nitampigia simu mtoto wa kaka yangu aje apande mwenyewe juu ya bati, alishushe dishi.