Nani Amsikilize Msikilizaji?

Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani; mwaka 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo imani na tiba ya nafsi zimefahamiana zamani mkoani Tanga.

Ninalouliza ni jingine. Afisa ustawi wa jamii wa Handeni au Korogwe hupokea asubuhi mtoto aliyefanyiwa ukatili, mchana ndoa inayovunjika. Jioni yeye amweleze nani? Mkubwa wake anangoja takwimu. Mfumo wa PEPMIS hupima kazi iliyotimizwa, si kilichobaki moyoni mwa aliyeitenda. Usimamizi wetu ni ukaguzi.

Katika taaluma ya ushauri nasaha, hata mkongwe hutakiwa awe na mwenzake wa kupitia naye kazi yake. Utaratibu huo waweza kusimama juu ya misingi ya kiroho, nami nimevutiwa na ile ya Wasikhi, ambao mitaani tumezoea kuwaita Singasinga. Wanalo neno seva, utumishi usiotafuta sifa. Sangat, jumuiya ambamo mtu hujirekebisha mbele ya wenzake. Na haumai, ile nafsi isemayo “mimi ndimi”. Nyumba yao ya ibada ya Makindu, Kenya, iliyojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli, hulisha msafiri yeyote bila kumwuliza dini. (Hapana anayetakiwa kubadili kibla.)

Mshauri aliyejaa haumai hutaka mteja apone ili yeye asifiwe, asipopona, humlaumu. Hakuna fomu itakayomfichua. Wenzake walioketi naye jamvini watamtambua, kwa kuwa nao wameshindwa wiki hiyo hiyo.

Nina hofu moja: waajiri wetu hulipenda mno neno “wito” siku ya kulipa posho. Seva isigeuzwe kisingizio. Wala jamvi lisiwe baraza la umbea. Jina la mteja halitajwi hapo kamwe.

Halmashauri za Handeni na Korogwe zingeanza na nusu siku kila mwezi, mkuu wa idara akimimina chai bila kuandika lolote. Na nauli ya zile kilomita 65 ilipwe na halmashauri, isitoke mfukoni mwa afisa.